Mtoto Ameamka, Mpeni Chakula



Mmekwisha kufundishwa habari ya Yairo, mkubwa wa sinagogi, na ya binti yake mwenye umri wa miaka 12. Mtakatifu Marko ameiandika katika sura ya 5 ya Injili yake. Kila aisikiaye hushangazwa na lile tendo kuu, kwamba Bwana wetu alimshika mkono msichana aliyekwisha kufa, naye akaamka akatembea. Ni haki kushangaa. Lakini mwishoni mwa habari hiyo kuna neno dogo ambalo watu hulipita upesi. Wazazi walikuwa wamesimama wameduwaa, hawajui la kufanya. Ndipo Yezu alipowaagiza kwamba mtoto apewe chakula.

Fikirini kidogo. Yeye aliyemrudishia uzima hakushindwa kumshibisha. Aliwashibisha watu 5,000 kwa mikate mitano. Lakini siku ile kazi ya jiko aliwaachia watu wa nyumba. Kumwamsha mtoto kulikuwa kwake. Kumpikia kukawa kwao.

Neno hilo nimelichukua leo kwa ajili ya ndugu ambao nao twawapita upesi, ingawa wakaa katikati yetu, wateka maji katika kisima chetu na kusali katika kanisa letu. Nasema juu ya watu waliouzwa, nao wamerudi.

Mmoja wenu ataniuliza: Je, biashara ya watumwa haikukoma zamani za babu zetu? Kweli, misafara ile ilikoma. Hakuna tena watu wanaovushwa ziwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kwenda kwa miguu hadi Bagamoyo, minyororo shingoni na pembe za ndovu kichwani. Lakini tamaa iliyowafunga haikufa, imebadili nguo tu. Siku hizi mwuza watu haji na bunduki kila mara. Aja na simu mkononi na maneno matamu kinywani. Amwambia mama mmoja: Nipe binti yako nimpeleke mjini, atasoma, atasaidia kazi ndogo ndogo za nyumba. Amwambia kijana: Kule machimboni dhahabu i karibu tu, mwezi mmoja utanunua pikipiki. Amwonyesha mwanamke picha ya nyumba nzuri katika nchi za Uarabuni na kumhesabia mshahara wa kila mwezi.

Binti akifika mjini haoni shule. Huamka kabla ya jogoo, hulala jikoni, hapewi hata kitambaa cha mshahara, na usiku mwenye nyumba humjia. Kijana akifika machimboni huambiwa kwamba ana deni la safari, deni la sepetu na deni la unga, na kadiri anavyochimba ndivyo deni linavyozidi. Mwanamke akifika ng'ambo hunyang'anywa paspoti na kufungiwa ndani. Na katika mashariki ya nchi yetu wako wengine wasiodanganywa hata kidogo: walitekwa na watu wenye silaha, wavulana wakabebeshwa risasi, wasichana wakafanywa wake kwa nguvu. Njia ni nyingi, lakini jambo ni moja: mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu amegeuzwa kuwa kitu cha faida ya mwingine.

“Lakini alikwenda mwenyewe.” Neno hilo nalisikia mara nyingi barzani, na mara nyingi lasemwa na watu wasali sana. Basi mjue kwamba mataifa ya dunia yalipatana mwaka 2000, katika mapatano yaitwayo ya Palermo, kwamba kibali cha mtu aliyedanganywa au kulazimishwa si kibali. Na mtoto aliye chini ya miaka 18, akichukuliwa ili atumikishwe, hata kama hakudanganywa, hata kama alicheka na kupanda gari kwa furaha, huyo ameuzwa. Kongo ilikubali mapatano hayo. Tena sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yakataza kabisa kumwingiza mtoto katika kundi la silaha. Kwa hiyo yule mvulana aliyerudi kutoka msituni, kabla hamjamwita mwuaji, mkumbuke kwamba aliibwa akiwa mtoto.

Tena kuna jambo moritito zaidi. Mara nyingi aliyemtoa mtoto si mgeni. Ni shangazi, ni mjomba, ni jirani, pengine ni baba mwenyewe aliyepokea fedha kidogo na kutumaini mema. Yozefu mwana wa Yakobo hakuuzwa na adui. Ndugu zake waliketi kula, kisha wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Kama nyumbani mwako fedha ya namna hiyo iliingia, usije ukajifariji kwa kusema hukujua. Sasa unajua. Nenda kwa Padri kwa shauri, mwombe radhi uliyemtoa, na kama uliifaidi fedha ile, itengeneze njia irudi kwake yeye.

Turudi nyumbani kwa Yairo. Mtakatifu Marko asema kwamba watu waliokuwa wakilia pale walimcheka Yezu, naye akawatoa wote nje kwanza. Akawaacha baba, mama, na wanafunzi watatu tu. Ndipo alipoingia alimolala mtoto. Mwaona utaratibu wake? Kabla ya mkono kushikwa, kicheko kilitolewa mlangoni.

Katika vijiji vyetu kicheko hakitolewi nje, chakaa ndani na kupewa kiti. Msichana aliyetekwa hurudi akiitwa mke wa msitu. Aliyetoka mjini na mimba huitwa malaya. Mtoto aliyezaliwa huko huitwa mtoto wa waasi, naye angali hajui hata kusema mama. Wengine wampa mtoto wa namna hiyo jina la kuaibisha, ili kila anapoitwa mama yake achomwe moyo. Kicheko hakimwagi damu, na kwa hiyo twadhani ni dhambi ndogo. Mimi nawaambia, wako waliovumilia mapigo ya mwaka mzima, lakini kicheko cha kisimani kiliwarudisha njiani walikotoka. Mwuza watu ajua jambo hilo. Humwambia mateka wake: Kwenu hawatakutaka tena. Tunapomcheka aliyerudi, twamfanya mwongo yule aonekane mkweli.

Basi wewe katekumeni, siku zile unazoulizwa kama wamkataa Shetani na kazi zake zote, hesabu na jina ulilompa jirani yako katika kazi hizo. Na mtoto yule apewe jina jema, asajiliwe kwa serikali kama watoto wengine, na akuapo ahesabiwe katika ukoo wa mama yake anapogawiwa shamba. Hakuchagua baba. Hakuna mtoto aliyepata kuchagua baba.

Tena Yezu alikataza habari ile isitangazwe. Wataalamu wa Maandiko wana mengi ya kusema juu ya sababu zake, nami siwezi kuyaeleza yote hapa. Lakini natazama jambo lililo wazi: mtoto wa miaka 12 aliachwa atembee, bila umati kuja kumtazama kama kinyago. Sisi tuna desturi ambayo siipendi. Mtu akirudi kutoka utumwani, Dominika ifuatayo asimamishwa mbele ya kanisa atoe ushuhuda, na watu wapiga picha kwa simu. Waumini hulia, hupiga makofi, kisha huenda nyumbani kula. Yeye abaki na maneno aliyoyatapika mbele ya watu 300, na kesho yake kila mtu sokoni ajua kilichofanyika katika mwili wake. Acheni desturi hiyo. Msimwulize mambo ya huko. Akitaka kusema, atamchagua mtu mmoja, na mtu huyo asikilize, afunge kinywa. Akitaka kwenda mbele ya hakimu kumshitaki aliyemwuza, ni haki yake, naye asindikizwe; lakini asisukumwe, maana hatari ni yake, si yetu.

Sasa chakula. Nasema chakula kweli, bugali na sombe na samaki akipatikana, kwa maana wengi hurudi wakiwa mifupa mitupu. Msishangae mkiona anaficha mhogo chini ya mkeka, au anakula upesi akiitazama milango. Huko alikotoka chakula kilikuwa mjeledi: akitii alipewa, asipotii alinyimwa. Kwa hiyo apewe chakula bila sharti. Asiambiwe kwanza lima, kwanza sali, kwanza eleza. Mama wa nyumba amwekee sahani yake mwenyewe, na ajue kwamba kesho itakuwapo tena.

Pamoja na chakula, matibabu. Hapa nawasihi msikie hesabu hii: aliyenajisiwa kwa nguvu afikishwe hospitalini kabla ya saa 72, yaani siku tatu, kwa kuwa dawa za kuuzuia ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya muda huo tu, na zikianzwa mapema zafaa zaidi. Asiogeshwe na kufichwa wiki nzima ili kuficha aibu. Hata kama siku tatu zimepita, apelekwe vilevile, maana yako magonjwa mengine na majeraha mengine yenye dawa. Mmesikia habari ya hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mjini Bukavu mwaka 1999 na mganga Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018. Huko walijifunza kwamba kushona jeraha la mwili hakutoshi. Wakaweka watu wa kusikiliza moyo wa mgonjwa, wa kumsaidia mbele ya sheria, na wa kumfundisha kazi ya kumpatia riziki. Wengi wetu tuko mbali na Bukavu. Lakini utaratibu huo waweza kuigwa hata na kijiji chenye dispensari moja: mwili, moyo, haki, kazi.

Lakini hata chakula chaweza kuwa kamba. Hapa ndipo neno langu kubwa la leo.

Marko asema kwamba msichana aliamka, akatembea. Yezu alimshika mkono, hakumbeba mgongoni. Aliyeuzwa alinyimwa mambo mengi, lakini lililo kubwa kuliko yote ni hiari yake: asiseme ndiyo, asiseme hapana. Ukimpa nguo, chakula na dawa, na hiari usimrudishie, umembadilishia bwana tu. Wako wajomba wampokeao mpwa wao aliyerudi, na baada ya miezi mitatu yeye ndiye atekaye maji, apikaye, afuaye nguo za wote, bila shukrani wala haki ya kutoka. Wamemtoa jikoni kwa mgeni, wamemweka jikoni kwa ndugu. Mtakatifu Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, aliomba apokewe kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena. Barua ile ni fupi sana, ukurasa mmoja tu. Mwombeni mwalimu wenu awasomee yote.

Hata misioni zetu zilijifunza jambo hili polepole. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa vituo vya Mpala, upande wetu wa ziwa, na Karema, upande wa mashariki. Miaka ile watu waliuzwa kando ya ziwa kama mbuzi. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie akazunguka miji ya Ulaya akiwaamsha Wakristu. Mapadri walikomboa watoto wengi kwa nguo na vitu vya biashara, wakawapa makao, shule na dini. Tunawashukuru, na wengi wetu ni wajukuu wa wakombolewa hao. Lakini yafaa kusema kweli: mara nyingi waliokombolewa walichaguliwa kila kitu, kazi yao, mahali pao pa kukaa, pengine hata mchumba na siku ya ndoa. Wako waliotoroka. Wazee wengine waliwaita wasio na shukrani. Mimi naona kwamba mtu aliyekwisha kupangiwa maisha na wengine mara tano hapendi kupangiwa mara ya sita, hata na watu wema.

Tazameni kwa upande mwingine Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadri katika nchi ya Aljeria mwaka 1876. Hakuachwa awe mtu wa kufagia tu. Alipelekwa kisiwani Malta kusomea uganga, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na mganga. Hapo aliwatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67. Alioa, akazaa, mwanawe akawa padri. Sisemi kwamba kila aliyeuzwa atakuwa mganga. Nasema kwamba alipewa kazi ya kweli, yenye elimu na heshima, iliyo mikononi mwake mwenyewe. Kwa hiyo msichana aliyerudi aulizwe: Wataka kufanya nini? Pengine atasema mashini ya kushonea, pengine shamba la mihogo, pengine kurudi shuleni ingawa ana mtoto. Pengine atasema sijui, na atasema hivyo mwezi mzima, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza. Msichoke kumwuliza.

Na lile deni? Wako wazazi waliokopa ili kulipa safari ya mtoto, naye aliporudi mikono mitupu wakamdai yeye. Deni hilo si lake. Kama kuna kikundi cha kuweka akiba katika jumuiya yenu, hapo ndipo akiba ionekane kazi yake, ili nyumba ile isije ikamrudisha njiani kwa kukosa fedha ya mkopeshaji.

Tena desturi moja yanichukiza kuliko zote. Msichana ametekwa au amenajisiwa, kisha wazee waketi na jamaa ya mkosaji, mbuzi na fedha zatolewa, na msichana aozwa kwa yule yule aliyemharibu, ili aibu ifunikwe. Watu husema: Tumepatana, kuna amani. Amani ya nani? Ndoa ya Wakristu hutaka ndiyo ya wawili, iliyosemwa kwa hiari. Palipo na nguvu na hofu hapana sakramenti. Katekumeni aliyekula mbuzi ya mapatano kama hayo asifikiri kwamba maji ya Ubatizo yatapita juu ya jambo hilo bila kuligusa. Kwanza asimame upande wa yule msichana.

Sasa nitawaambia juu ya mkatekumeni mwenzenu. Alizaliwa kama mwaka 1869 katika Darfur, nchi ya Sudani. Wateka watu walimshika angali mtoto mdogo, na kwa hofu kubwa alisahau hata jina alilopewa na mama yake. Wao ndio waliomwita Bakhita, jina la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Mzaha wa watu wabaya. Aliuzwa tena na tena. Mabwana wake mmoja waliamuru achanjwe mwili kwa wembe, na chumvi ikatiwa katika majeraha ili alama zisifutike. Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum alimnunua, na mwaka 1885 akafika Italia, akawa yaya wa mtoto wa jamaa moja.

Bibi wa nyumba ile alikuwa na safari, akamweka pamoja na yule mtoto kwa Masista wa Kanosa mjini Venezia, katika nyumba iliyoitwa nyumba ya wakatekumeni. Ndiyo, nyumba ya watu kama ninyi. Hapo Bakhita alianza kufundishwa juu ya Mungu, ambaye tangu utoto, alipotazama jua na nyota, alikuwa amejiuliza ni nani aliyeviumba. Bibi aliporudi kumchukua ampeleke Afrika, Bakhita alikataa. Bibi yule hakuwa mkatili, na mtoto yule Bakhita alimpenda sana. Kwa hiyo kukataa kulimwuma. Mambo yakafika mbele ya wakubwa wa mji. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitamkwa kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, na hivyo yeye ni mtu huru wa kujichagulia. Akachagua kubaki. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Baadaye alionekana mara nyingi akibusu kisima cha Ubatizo, kwa kuwa hapo alifanywa binti wa Mungu.

Yashikeni hayo katika moyo. Neno la kwanza alilolisema kama mtu huru lilikuwa hapana, tena alimwambia mtu aliyemtendea wema. Masista hawakumchagulia, wala hawakumwonea haya alipochagua. Kisha akafanya kazi alizozipenda, kupika, kushona, kutunza sakristia, na kwa miaka mingi kufungua mlango katika nyumba ya mji wa Schio. Mtu aliyefungwa minyororo akawa mwenye ufunguo wa mlango. Mwaka 1896 aliweka nadhiri, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu.

Lakini sitaki mfikiri kwamba yote yalipona siku ile ya Ubatizo. Bakhita alikufa tarehe 8 Februari 1947. Katika siku zake za mwisho, homa ilipompanda, aliiona tena safari ya utumwa, akamsihi sista aliyemwuguza amlegezee minyororo, maana ilikuwa mizito. Hakuwa na mnyororo wowote mwilini. Miaka 57 ilikuwa imepita tangu alipotamkwa kuwa huru. Mtakatifu yule, mwenye sala na furaha, bado chuma kile kilikuwamo ndani yake.

Basi ninyi mwataka binti wa jirani apone kwa mwezi mmoja? Mwaudhika kwamba ameamka usiku akipiga kelele, kwamba mvulana yule ashtuka kuni zinapopasuka motoni, kwamba amesema uwongo, kwamba amekasirika bila sababu, kwamba alikimbia akarudi kwa aliyemtesa kisha akaja tena? Mwanasema ana pepo, mwamfungia chumbani, mwamnyima chakula ili aombewe? Msifanye hivyo. Kufunga kwa ajili yake fungeni ninyi. Yeye ale. Akikimbia mara ya pili, mlango uwe wazi mara ya tatu. Na sista yule wa Schio hakubishana na mgonjwa kwamba hakuna mnyororo. Alikaa karibu naye.

Masista wa mashirika mengi wameungana tangu mwaka 2009 katika kazi hii ya kuwasaidia waliouzwa, wakaiita kazi yao Talitha Kum, kwa yale maneno mawili Yezu aliyomwambia binti Yairo kwa lugha yao wenyewe. Na tangu mwaka 2015 Kanisa husali na kukumbuka watu waliouzwa kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Bakhita. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliipenda sana kazi hiyo.

Siku hiyo itakapokaribia, kila darasa la wakatekumeni likusanye kikapu: unga, mafuta, chumvi, sabuni, jembe likipatikana. Mama mmoja mwenye busara, ambaye mhusika amemzoea, akipeleke jioni, bila ngoma wala maandamano, wala jina lisitajwe kanisani. Amwulize pia kama yuko shamba analotaka kulimiwa kabla mvua hazijakwisha. Akisema hataki, mama arudi nyumbani bila kununa, na Dominika ifuatayo apite tena kumsalimu.